Filimbi ya Saa Kumi na Mbili

Sikumpenda Fundi, na sitajifanya leo kwamba nilimpenda. Mtaani kwetu, nje kidogo ya mji wa Geita ukiifuata barabara ya Nkome, sikumbuki nyumba iliyompenda, na yeye hakuonekana kuhitaji. Tulimwita Fundi tu. Jina alikuwa nalo, bila shaka, lakini miaka yote niliyomjua sikusikia mtu akilitumia. Alitufikia akiwa amestaafu kazi ya majenereta kule Mwadui, akanunua kiwanja kinachotazamana na transfoma, na hapo hapo shaka yangu ya kwanza ikaanza. Mtu mwenye akili zake hununua kiwanja karibu na kisima, au barabara, au kanisa. Nani ananunua kiwanja ili akae akitazama transfoma?

Transfoma yenyewe ni moja kwa mtaa mzima. Ilipofungwa, nyumba zilikuwa za kuhesabu, na umeme ulikuwa wa taa na redio. Halafu dhahabu ikaleta watu. Yakaja makarasha ya kusaga mawe, zikaja mashine za mahindi, wachomeleaji, friji za soda, friji za samaki, saluni, na pasi, ya kwangu ikiwemo, maana mimi ni mshonaji. Ikifika saa kumi na mbili jioni kila mtu karudi nyumbani na kila mtu anawasha. Umeme unakuwa mdogo, taa zinafifia mpaka zinakuwa za rangi ya chai, kisha fyuzi inakatika kule juu, pwaa, mtaa mzima giza. Ukikosa bahati haikatiki fyuzi, inaungua transfoma, na hapo mnasubiri mpya hadi mnasahau mlikuwa mnasubiri nini.

Kwa wengine giza lile lilikuwa kero. Kwangu lilikuwa pumzi ya baba. Baba yangu alisaga mawe ya dhahabu tangu ujana wake, kwanza kwa nyundo, baadaye kwa karasha, na vumbi lile lilimwingia mapafuni likajenga humo. Kaka yangu wa Mwanza alimletea mashine ya oksijeni ya kuchomeka ukutani, yenye mrija wa kuweka puani. Mashine ile haitaki umeme mdogo. Umeme ukipungua inalia pii, pii, pii, halafu inazima, na baba anaanza kuitafuta hewa kwa mabega. Kwa hiyo msinione mkali. Kila jioni nilikuwa na mtu wa kumshuku, na jioni nyingi mtu huyo alikuwa Fundi.

Nianze na jinsi alivyotembea, maana hata kutembea kwake kulikuwa na maswali. Alitembea akigusa kuta za watu. Anapita pembeni ya nyumba yako, anaweka kiganja kwenye ukuta ulio nyuma ya mita, anatulia, anaendelea. Alisema ukuta wenye waya uliolemewa una joto, kiganja kinajua. Mimi nilisema mwizi naye huanza kwa kupapasa ukuta. Alinusa pia. Mungu alimpa pua ya kunusa nguo iliyopigwa pasi kutoka nyumba ya nne. Salamu yake haikuwa ya watu wengine. Msukuma yeyote wa pale jioni atakuambia mwadila, utaitikia, ataulizia watoto, ataulizia ng'ombe hata kama huna. Fundi alikuwa anasema, "Mwadila. Mmewasha nini?"

Na alikuwa na lugha yake kwa vitu. Kwake transfoma ilikuwa mtu. "Huyu leo kachoka," anasema akiitazama. "Huyu msimwone kimya, ana hasira." Mama Neema, mke wa mwenye karasha kubwa kuliko yote mtaani, aliwahi kumsikia akamuuliza kwa huruma, "Jamani, nani kachoka, kuna mgonjwa?" Fundi akamnyooshea kidole juu ya nguzo. Mama Neema alikuja kwangu moja kwa moja kunihadithia, akinong'ona. Nilimwambia ndivyo watu wa majenereta walivyo, wamekaa na mashine kuliko na wake zao. Naomba mlikumbuke neno hilo, huyu, kwa sababu ndilo lililokuja kumponza.

Makubaliano ya mtaa aliyaleta yeye, na jinsi alivyoyaleta siiamini mpaka leo. Herufi r ilimshinda Fundi maisha yake yote, kama inavyowashinda wengi wa kwetu. Kura yeye alisema kula; maneno yake mengine nawanyooshea mimi. Siku moja akapita nyumba hadi nyumba akitangaza, "Kesho saa tisa, kwa balozi, kuna kula. Kila nyumba ije." Basi watu walikuja! Mkutano wa maji hauwajui, mkutano wa shule hauwajui, lakini siku ile uwanja wa balozi wetu wa nyumba kumi ulifurika. Kuna mama alikuja na watoto watano na sahani yake ya bati chini ya kanga. Tukakaa, tukasubiri harufu ya pilau, harufu haikuja. Fundi akasimama na kusema tunapiga kula ya kuzima mashine.

Alisema hivi. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku, makarasha yazime, mashine za mahindi zizime, wachomeleaji wapumzike, pasi na majiko ya umeme marufuku, na mafeni pia. Taa ruhusa, redio ruhusa, friji ruhusa. Mashine ya mzee, akanitazama mimi, ruhusa saa zote. Mwenye kazi nzito aifanye mchana au baada ya saa nne. "Mzigo ni uleule," alisema, "ila tusiubebe wote kwa mpigo." Baba Neema mwenye karasha aliguna, lakini watu walikuwa na njaa na walitaka kwenda kupika kwao kabla jua halijazama. Mikono ikanyooshwa, kura ikapita. Baadaye nilimbana Fundi, nikamwambia alitudanganya na kula yake. Akanijibu bila kucheka, "Mimi nilisema kula. Ninyi mlisikia nini?"

Ikabaki nani atasimamia, na wakamtwika yeye, kwa kuwa hakuwa na karasha wala friji wala mke. Akasema atatumia filimbi. Sasa mtu wa kwetu akisikia filimbi jioni hana tafsiri mbili. Filimbi ni sungusungu, filimbi ni mwizi kaingia. Jioni ya kwanza Fundi alisimama chini ya transfoma akapuliza mpaka mishipa ikamtoka shingoni, na kabla hajameza mate wanaume wote walishatoka na fimbo na marungu. Mmoja alikuwa na povu la sabuni usoni. "Yuko wapi? Mwizi yuko wapi?"

"Ni ninyi," Fundi akasema. "Kila mtu arudi akazime pasi yake."

Watu walimtukana jioni ile, nisifiche, na mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Lakini walizima. Mlio mrefu saa kumi na mbili ukawa ndio saa yetu. Na ulikuwepo mlio wa pili, mfupi mfupi mara mbili, ambao maana yake ilikuwa kuna mtu anaiba mzigo, yaani kawasha kilichokatazwa, na baada yake Fundi alianza kutembea na kiganja chake na pua yake mpaka ampate. Huo mlio wa pili ndio ulionikosesha raha. Aliupuliza kabla ya taa zangu kufifia. Niliukodolea macho mwanga wa taa yangu, haujabadilika hata kidogo, mara nasikia pii-pii nje. Nilijiuliza alijuaje. Anayejua kuwa mwizi kaingia kabla ya mwenye nyumba, sote tunajua huwa ni nani.

Mimi alinikamata mara moja. Nilikuwa na sare za kwaya za kumalizia, magauni mekundu ya kitambaa chepesi kinachojikunja ukikitazama tu, na kesho yake ilikuwa Jumapili. Nikafunga madirisha, nikaweka taulo chini ya mlango, nikachomeka pasi. Sikumaliza gauni la tatu. Hodi, na Fundi yuko ndani.

"Mama Kulwa, gauni hilo limenyooshwa saa ngapi?"

"Mchana, Fundi."

Akaweka kiganja chake kwenye gauni kama anampima mtoto homa. Alinyoosha tu mkono kuelekea chumba cha baba, tukasikiliza wote wawili mashine ikipumua, fuu, fuu. Halafu akaondoka. Afadhali angenitukana. Nilinunua pasi ya mkaa wiki ile ile, na nikamchukia zaidi.

Alikuwa mtu wa mkono mgumu na sheria ngumu, halafu ghafla anakugeuka. Zawadi hakupokea. Baba Neema alimpelekea sato mkubwa kutoka Nkome, akamrudisha mchana kweupe, amemshika mkia. "Samaki huyu ana mdomo," alisema. "Kesho ataniomba kitu." Tukamwita mwenye majivuno. Kesho yake akanikuta nakaanga sato wangu mwenyewe, akakaa kwenye kigoda akisifu moshi, hakuondoka mpaka nikampa. Alisema mimi sina karasha, samaki wangu hana mdomo.

Kwa baba alikuwa mtu mwingine kabisa. Karibu kila siku mchana alikuja kukaa naye, na kama siku ile anatafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, anaimumunya kwanza iwe laini kisha anazungumza. Baba alikuwa na maneno machache kwa sababu ya pumzi, na Fundi alikuwa na machache kwa asili, kwa hiyo walielewana. Nilipita na ndoo zangu nikiwasikia.

"Mzee mwenzangu, jana ulilala?"

"Nililala."

"Haikulia?"

"Haikulia."

"Wabeja," Fundi anasema, ahsante, kana kwamba baba ndiye aliyemfanyia kazi. Mimi nilimshuku hata kwa hilo. Nilijiambia anajipendekeza ili nisiseme yale ninayoyaona.

Na niliyokuwa nayaona ni haya. Fundi alikuwa na nyumba ya vyumba viwili. Cha mbele alikaa jioni na kibatari, kwa madai kwamba anatoa mfano. Cha nyuma kilikuwa na kufuli. Jioni ya saa za mzigo, ukipita nyuma ya nyumba ile, ukasimama, ulisikia kitu kikivuma nyuma ya ukuta. Nilisimama mara ya kwanza kwa bahati, ya pili kwa makusudi. Vuuu, mfululizo. Mtu anakaa na kibatari sebuleni, anawazimia watu mafeni yao na joto lote lile la Oktoba, halafu chumbani kwake kuna mashine inatembea. Na alikuwa ameniomba, miezi kadhaa kabla, mabaki ya kitambaa, ukanda mwembamba tu, "chepesi kabisa, cha kupeperuka." Nilimpa cha sare za kwaya, kile chekundu. Nilimuuliza cha nini, akasema, "Cha kazi." Haya.

Oktoba ile ilikuwa mbaya. Mvua zilichelewa, bati zilipiga kelele za joto hadi jioni, friji hazikupumzika. Filimbi ya pili ikawa inalia kila siku, Fundi anazunguka, hampati mtu, na umeme unakatika hata hivyo. Katika wiki moja fyuzi ilikatika mara tatu. Mara ya tatu baba alibadilika midomo ikawa ya bluu, nikampepea kwa kipande cha boksi huku namwita jina lake, naye binti yangu Kulwa amemshikilia mgongo. Umeme uliporudi nilikaa sakafuni nikalia. Na nilipomaliza kulia nilikuwa nimeshaamua.

Kesho yake Baba Neema aliitisha kikao kwa balozi, akasema makubaliano hayana faida, tunazima na bado tunalala gizani, bora kila mtu awashe. Watu wakaanza kupiga kelele. Mimi nikasimama. Sikutumwa na mtu, sitamsingizia mtu. Nilisema, "Mnatafuta mwizi wa mzigo? Fundi ana mashine chumbani kwake. Inatembea kila jioni. Nimeisikia kwa masikio yangu."

Fundi alikuwa amekaa kwenye gogo. Hakukataa. Alinitazama tu, na jicho lake, ambalo siku zote lilikuwa jekundu kwa miaka ya mwanga wa kuchomelea, halikuniambia kitu. Ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili. Balozi akasema twende tukaone. Tukaenda wote, watoto mbele.

Alifungua kufuli mwenyewe. Chumba kilikuwa na giza na kitupu. Hapakuwa na kitanda, hapakuwa na kiti, hapakuwa na mtu. Katikati ya sakafu kulikuwa na stuli, juu ya stuli feni dogo la zamani la mezani, linazunguka linaelekea ukutani, na mbele yake ukanda mwekundu umefungwa, unapeperuka. Basi. Hicho tu.

Baba Neema akauliza, "Linampepea nani?"

Na Fundi akajibu kama alivyojibu siku zote. "Halimpepei mtu. Huyu ndiye huniambia."

Huyu. Nilimwona balozi akirudi nyuma hatua moja. Nilimwona mama mmoja akimvuta mtoto wake kwa shati. Chumba kitupu, giza, kitambaa chekundu, mzee asiye na mke, macho mekundu, na huyu anayemwambia mambo. Kwetu hapo huhitaji mtu amalizie sentensi. Hakuna aliyelitamka neno, lakini lote lilikuwa limekaa mlangoni pale pamoja na sisi.

Na mimi nilielewa. Hapo ndipo penye donda langu. Katika watu wote wale mimi peke yangu nilielewa papo hapo. Nilijua huyu wake ni feni, kama vile huyu wake mwingine alivyokuwa transfoma. Nilijua kitambaa kile ni cha kwaya, nilikikata kwa mkasi wangu. Nilikiona kikipeperuka, na wakati tunakitazama, maana kule nyuma yetu waliobaki majumbani walikuwa wameanza kuwasha, nilikiona kikilegea, kikashuka kidogo, kikashuka tena. Umeme ulikuwa unapungua, feni linachoka, na ukanda unasema kabla taa haijasema. Ndivyo alivyojua. Alikuwa na feni moja dogo la kusikilizia umeme, na alilifungia kwa sababu hakutuamini. Tungejua anavyojua, tungejifunza kuiba kwa kiasi ambacho ukanda hausemi.

Ningesema. Sentensi mbili zingetosha. Lakini nilikuwa na hasira ya feni, baba yangu analowa jasho kwa sheria ya mtu huyu na yeye anaupepea ukuta. Na nilikuwa na woga. Anayemtetea mtu wa namna ile huulizwa anajuaje. Nikanyamaza. Fundi alinitazama mara moja tu, akakuta nimenyamaza, akafunga kufuli lake.

Mawe yalianza kuanguka juu ya bati lake siku ile ile. Kesho yake hakuna aliyemjibu mwadila yake. Siku ya pili, asubuhi kweupe, alipita kwetu na begi moja, akaingia kwa baba, wakakaa kidogo, akatoka. Mimi nilikuwa kwenye cherehani nikakanyaga kwa nguvu zote ili nisisikie kama ananiaga. Hakuniaga.

Jioni ile ile saa kumi na mbili ilifika bila filimbi. Nawaambieni, ilikuwa kama sikukuu. Makarasha yote yanatembea, saluni zinacheza muziki, mafeni, majiko, kila mtu anajilipa kwa miezi aliyoonewa. Na mimi pia. Nilikuwa na nguo za harusi, nikachomeka pasi yangu ya umeme bila kuweka taulo mlangoni. Nilinyoosha suruali moja na nusu. Haikuwa fyuzi mara hii. Ulikuwa mlio ambao uliangusha vumbi darini, na moshi juu ya nguzo, na harufu ya mafuta yaliyoungua ambayo sitaisahau.

Tulimpakia baba kwenye bajaji hadi hospitali mjini, mimi nimemkumbatia, nahesabu pumzi zake kwa sauti ili asiache. Alipona, Mungu mkubwa. Alikaa wodini kwenye oksijeni yao mpaka watu wa umeme walipotuletea transfoma nyingine, na haikuwa haraka. Siku niliyomrudisha nyumbani alinyoosha mkono chini ya mto wake, akatoa filimbi.

"Aliniachia," alisema. "Nikupe wewe."

"Mimi? Baada ya niliyomfanyia?"

Baba akavuta hewa kwanza. "Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema Mama Kulwa hamwamini mtu yeyote. Kazi hii inataka mtu wa hivyo."

Niliwaeleza watu habari ya feni, kwenye kikao, nikiwa nimesimama palepale niliposimama mara ya kwanza. Niliwaonyesha kwa feni la balozi na ukanda wa kitambaa. Wengine waliinama. Wengine walisema sasa unasema, mwenzio kashahama. Baba Neema alisema hata hivyo yule mzee hakuwa wa kawaida. Makubaliano yakarudi kwa sababu hakuna aliyetaka kuona moshi ule tena, na saa kumi na mbili ya kwanza nilisimama chini ya transfoma mpya, nikapuliza.

Ulipita zaidi ya mwaka kabla sijapata ujasiri wa kwenda kumwona. Nilisikia yuko Maganzo, karibu na Mwadui, kwa binti yake. Niliondoka na michembe kwenye kikapu, nikalala Shinyanga mjini kwa dada mmoja wa kanisani, asubuhi nikawa kwenye uwanja wake. Alikuwa amekaa kivulini mwa ukuta, amekonda, miguu imevimba, mkononi ana redio iliyofunguliwa matumbo.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Akanitazama kikapu kwanza. "Una nini humo?"

"Michembe."

"Ina mdomo?"

"Haina," nikasema. Nilipiga magoti kwenye vumbi. Nilimwambia niliona ukanda ukishuka, nilielewa, nikanyamaza. Nilimwambia naomba radhi. Yeye aliendelea kugeuza bisibisi yake.

"Nilijua ulielewa," alisema. "Wewe ndiye uliyenipa kitambaa. Nilisubiri useme." Akapuliza vumbi ndani ya redio. Kisha akauliza, "Nani anapiga filimbi?"

"Mimi."

"Wanakusemaje?"

"Wanasema nina laini ya siri. Wanasema mashine ya baba ni kisingizio, ndani nina friji mbili. Mama Neema anasema nanusa madirisha ya watu kama fisi."

Hapo akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka, meno yalikuwa machache kuliko nilivyodhani. Alicheka mpaka akaweka redio chini.

"Basi umeme upo," alisema.

"Upo, Fundi."

"Na jana jioni nani kapuliza, kama wewe uko hapa?"

"Baba."

"Ana pumzi ya kupuliza?"

"Anasema anayo ya mara moja kwa siku."

Kicheko kikamtoka usoni. Alitazama jua, akachukua kikapu changu, akamwaga michembe kwenye ungo, akanirudishia kikapu kitupu. "Ondoka sasa, ng'wanone," alisema, mwanangu, neno ambalo hakuwahi kuniita. "Unakaa hapa unanitazama mimi, kule mzee anakohoa ndani ya filimbi." Kama alinisamehe hakusema, na sikuthubutu kuuliza mara mbili.

Nilishuka kwenye basi pale kwenye kona yetu jua likiwa linaishia. Sikuwa nimepiga hatua kumi nilipoisikia. Ilikuwa nyembamba, ikakatika katikati, kisha ikaendelea, ikafika mwisho. Nilisimama barabarani nikisikiliza makarasha yakinyamaza, moja, jingine, jingine. Mashine ya mahindi ikashuka sauti ikazima. Karasha la Baba Neema lilibaki linaunguruma. Nikasubiri kidogo, nimpe muda, labda hakusikia. Halafu nikafunga kanga yangu vizuri, nikaanza kutembea kuelekea kwake, nikipitisha kiganja ukutani.